Kiti cha Kukalia Angani: Mwongozo kwa Abiria wa Tarime na Serengeti

Abiria wa Tarime au wa Mugumu anapokusudia kusafiri kwa ndege, iwe ni kumpeleka mgonjwa Muhimbili, au kwenda Dodoma kwa shughuli za serikali, au kumfikisha mwana chuoni, aghalabu fikira zake zote huzielekeza katika nauli, saa ya kuondoka na uzito wa mizigo, na habari ya kiti humwachia mtu wa kaunta aiamue apendavyo. Na kwa kuwa safari yenyewe ni ya saa moja au mbili, hujisemea kwamba kiti ni kiti, mradi kina mkanda. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Safari fupi ndiyo inayotaka kiti kichaguliwe kwa nadhari zaidi, maana hakuna wasaa wa kurekebisha mambo ndege ikisha kuruka, na aliyekaa vibaya hukaa vibaya hadi mwisho. Na fauka ya hayo, nchi inayopita chini ya dirisha katika safari zetu ni nchi ambayo watu wa mbali huvuka bahari na kulipa mali nyingi ili waione, ilhali sisi wenyeji wake huipita juu tukiwa tumekaa kati ya watu wawili, tunautazama mgongo wa kiti cha mbele.

Hakuna kiti kilicho bora kwa kila mtu na katika kila ndege, na anayekuambia kwamba kipo hajasafiri kwa ndege za namna nyingi. Kabla ya kuchagua, uliza ndege utakayoipanda ni ya aina gani, inaelekea upande gani wa dunia, na itaondoka saa ngapi za mchana. Kisha jiulize mwenyewe hali ya mwili wako. Aliyepata majibu ya hayo ataweza kuchagua kiti hata kwa simu, akiwa bado yuko Nyamwaga au Nata.

Wakazi wa wilaya hizi mbili wanaosafiri kwenda mbali hupandia ndege Mwanza kwa kawaida, wakifika huko kwa barabara, wa Tarime wakipita daraja la Kirumi, Bunda na Lamadi, na wa Mugumu wakitokea Nata hadi Bunda; na wako wa karibu na Sirari ambao huona ni wepesi zaidi kuvuka mpaka na kupandia Kisumu. Lakini tusisahau kwamba wilaya zenyewe zina viwanja vyake, ingawa ni vya changarawe na vya ndege ndogo: Seronera katikati ya hifadhi, Kogatende kando ya Mto Mara, Fort Ikoma na vinginevyo, na hapo Tarime pana kiwanja cha Magena. Kiwanja hiki cha Magena kina kazi ambayo wengi hawaijui. Mgeni atokaye Masai Mara huruka hadi Migori, akashuka, akavuka mpaka kwa gari kati ya Isebania na Sirari akigongewa pasipoti yake, kisha akapanda ndege nyingine hapo Tarime ya kumfikisha Serengeti. Waongozaji wetu wa watalii, wapishi wa kambi na mafundi nao hupata mara kwa mara nafasi katika ndege hizi ndogo, na kwa hiyo naanza nazo.

Ndege utakayoikuta katika viwanja hivyo, iwe ni ya Auric Air, ya Coastal Aviation au ya shirika jingine, aghalabu ni Cessna Caravan, yenye injini moja puani na nafasi za abiria kumi na wawili au wanaokaribia hapo. Haina daraja la kwanza wala la pili, haina choo, wala hewa yake haishindiliwi kama ile ya ndege kubwa, na kwa sababu hiyo hairuki juu sana. Jambo la kuliangalia kwanza ni bawa, ambalo limepita juu ya madirisha, likayafunika kwa kivuli kama upenu wa nyumba. Hii ni neema kubwa kwa anayependa kutazama, kwa kuwa hakuna dirisha lililozibwa na bawa, na kila abiria anaweza kuona chini moja kwa moja. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walipokuja kuwahesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958, walitumia Dornier 27 iliyochorwa milia ya punda milia, nayo bawa lake lilikuwa juu, kwani mtu hawezi kuhesabu nyumbu asiowaona. Kazi ile iligharimu uhai: tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai mzoga, ikaanguka, na Michael akafa, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Pamoja na neema hiyo, Caravan ina kasoro ndogo ambayo hutambulikana baada ya kukaa. Kutoka ubavuni mwa ndege huanza nguzo ya chuma iliyoinama, ikapanda hadi katikati ya bawa ili kulishikilia, na karibu yake limening'inia gurudumu ambalo halikunjwi kamwe, limekaa nje safari nzima na vumbi la kiwanja likiwa lingali limeganda juu yake. Aliyeketi usawa wa vitu hivyo atakuwa navyo katika kila picha atakayoipiga. Viti vilivyo nyuma yake vinaona wazi zaidi. Na kiti kilicho nyuma ya rubani kinaona mbele na pembeni kwa pamoja, ila kiko karibu na injini, na mngurumo wake si mdogo. Kwa upande wa mtikisiko, anayechafukwa na moyo upesi asiende nyuma kabisa, kwa kuwa mkia ndio unaopanda na kushuka zaidi ya sehemu nyingine. Viti vyenyewe vimepangwa kimoja kimoja upande mmoja na viwili viwili upande wa pili. Kiti cha peke yake ndicho cha kuwahi, kwani una dirisha lako na njia yako, wala humsumbui mtu.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba katika ndege hizi utachagua kama unavyochagua meza hotelini. Ndege ndogo husawazishwa kwa uzito. Utapimwa begi, na pengine wewe mwenyewe utapandishwa kwenye mizani mbele ya watu. Rubani atatazama karatasi yake, atatazama abiria waliojipanga, kisha ataonyesha kwa kidole: wewe mbele, wewe nyuma. Amri hiyo haibishaniwi, maana uzito ukizidi nyuma ndege haitii usukani ipasavyo. Lakini rubani akisha kupanga mafungu yake ya mbele na ya nyuma, mara nyingi hana haja na kushoto wala kulia, na hapo ndipo penye hiari yako. Mwambie kwa adabu, kabla hajaita majina, kwamba ungependa upande fulani; marubani wengi hufurahi kukutana na abiria anayejua anachokitaka. Mzigo nao uwe kilo 15 au pungufu, katika begi laini lisilo na fremu, kwa kuwa sanduku gumu haliingii katika nafasi iliyo tumboni mwa ndege, na mwenye sanduku gumu huwa wa mwisho kupangiwa lolote.

Sasa upande. Ukitoka Arusha kuelekea Seronera moja kwa moja, ndege huelekea magharibi ikikata kidogo kaskazini, na Ziwa Manyara, kreta ya Ngorongoro na bonde la Olduvai hubaki mkono wa kushoto, ilhali Ol Doinyo Lengai, mlima wa Wamasai uliotoboka kileleni, huonekana mkono wa kulia, na Ziwa Natron nyuma yake. Wengi watakuambia kushoto, kwa ajili ya kreta. Mimi nasema kulia kwa anayesafiri asubuhi na mapema, kwani kreta mara kwa mara hufunikwa na ukungu saa hizo. Na kushoto kwa anayesafiri baada ya ukungu kuondoka. Ikiwa ndege itatua kwanza Manyara kuchukua abiria, hesabu hii hubadilika, basi uliza.

Kutoka Seronera kwenda Kogatende ni mwendo wa chini ya nusu saa, na ndege huelekea kaskazini. Kwa mtu wa wilaya ya Serengeti sioni kiti kingine isipokuwa cha kushoto. Kulia ni vilima vya Lobo na mbuga isiyo na nyumba hata moja, nayo ni nzuri. Lakini kushoto utaona mahali hifadhi inapokoma na mashamba kuanza, mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa makusudi, huku nyasi, huku mihogo na mahindi, na mbele kidogo mabati ya Mugumu yakimeta. Mwenye kuishi Mugumu na kusikia kila mwaka habari za tembo walioingia mashambani atafahamu kwa kutazama mara moja kwa nini jambo hilo halikomi. Alasiri upande huo una jua, lakini bawa lililo juu hupunguza ukali wake hadi jua linapoinama. Kisha ndege inapokaribia kutua, kati ya Julai na Oktoba, inafaa macho yote yawe chini, kwani makundi ya nyumbu yamo pande zote mbili za Mto Mara. Na usishangae rubani akipita juu ya kiwanja bila ya kutua, kwa maana anangoja gari liwafukuze wanyama walioingia katika njia ya ndege.

Atokaye Magena kwenda Kogatende akae kulia, ambako ataona bonde la Mto Mara na mashimo ya mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo, na ukubwa wa mashimo hayo haufahamiki kwa aliyeyatazama kutoka barabarani tu. Na atokaye Seronera kwenda Mwanza, magharibi moja kwa moja, naye akae kulia: huko kuna Mto Grumeti, kisha Ghuba ya Speke, kisha Ukerewe na visiwa vyake.

Saa ya kusafiri ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Nyika ikisha kupata joto la adhuhuri, hewa ya moto huinuka kutoka ardhini, na ndege ndogo inayopita humo hurushwa juu na kushushwa, hata mwenye moyo mgumu akashika mkono wa jirani yake asiyemjua. Asubuhi, kabla ya saa nne, hewa imetulia. Ukiwa na mjamzito, mzee au mtoto mdogo, kata tiketi ya asubuhi. Faida yake ni kubwa kuliko ya kiti chochote utakachokipata katika ndege ya saa nane.

Tuje Mwanza. Huko utakuta ndege za namna mbili: zile za mapanga na zile za jeti, na ni muhimu sana kuzitofautisha kabla ya kugusa ramani ya viti kwenye simu. Za mapanga ni ATR za Precision Air na Dash 8 Q400 za Air Tanzania, ambazo kila moja ina viti 76, sita vya daraja la juu na 70 vya daraja la kawaida. Zote mbili zina mabawa juu, viti viwili viwili kila upande, na kwa hiyo hazina kile kiti cha kati kinachochukiwa na kila mtu. Lakini injini zake zimetundikwa chini ya bawa, na safu zilizo usawa wa mapanga zina mlio na mtetemo ambao mwenye maumivu ya kichwa hatausahau. Na madirisha ya safu hizo huona kibweta cha injini badala ya nchi. Katika Q400 utaona kutoka hapo mguu mrefu wa gurudumu ukifunguka na kuteremka kabla ya kutua, jambo linalowapendeza vijana na kuwatisha wazee. Anayetaka utulivu na macho ya kuona aende nyuma ya injini, katika theluthi ya mwisho ya viti.

Na hapa pana jambo ambalo wenzetu wengi hulikosea kwa mazoea ya basi. Hukimbilia viti vya mbele wakidhani watashuka kwanza, ilhali katika ATR mlango wa abiria uko nyuma, upande wa kushoto, na sehemu ya mbele ni ya mizigo. Aliyekaa mbele ndiye anayengoja watu wote washuke. Mwenye gari la kuwahi au mgonjwa anayengojwa na akae nyuma.

Ndege ya jeti ya Air Tanzania, Airbus A220-300, ina viti 132, na 120 kati ya hivyo ni vya daraja la kawaida. Shirika hilo lilikuwa la kwanza Afrika kuitumia ndege hiyo, mwishoni mwa mwaka 2018. Upangaji wake si wa sawasawa: kushoto viti viwili, kulia vitatu. Herufi huanzia kushoto, A ikiwa dirisha la kushoto na F dirisha la kulia. Wawili wanaosafiri pamoja, mume na mke au mama na mwana, wakimbilie kushoto, kwani hapo hakuna mtu wa tatu. Mabawa yake yako chini ya madirisha, na aliyekaa usawa wake ataona bati jeupe hadi Dar es Salaam. Lakini hapo hapo ndipo ndege inapotikisika kidogo kuliko kwingine, kwa hiyo yule ambaye haja yake ni tumbo litulie na achague hapo bila ya majuto. Mwenye kutaka kuona akae nyuma ya bawa kwa safu kadhaa, ila asifike safu ya mwisho, ambayo jirani yake ni choo na foleni ya choo, na mgongo wa viti vyake aghalabu haulali.

Kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ndege huelekea kusini-mashariki. Upande wa kushoto ndio wenye Ziwa Eyasi, na siku ya anga safi hutokea Kilimanjaro kuonekana mbali, imeinuka juu ya mawingu peke yake. Asubuhi upande huo una jua usoni. Alasiri una kivuli. Katika kurudi mambo hugeuka, dirisha la kulia likawa ndilo lenye Eyasi na mlima, na kwa ndege ya alasiri likawa pia ndilo lenye kivuli, kwa kuwa jua liko kushoto. Kwa hiyo A unapokwenda, F unaporudi.

Dirisha, hata hivyo, si haki ya kila mwili. Mtu aliyetoka Tarime alfajiri, akakaa garini saa kadhaa hadi Mwanza, huwa miguu imekwisha kuvimba na kibofu hakina subira. Huyo, akiwa mzee, mjamzito au mwenye kisukari, kiti chake ni cha upande wa njia, karibu na mlango anaoingilia, ili aweze kusimama na kunyoosha miguu bila ya kuomba radhi kwa watu. Mrefu wa miguu aombe safu ya mlango wa dharura, yenye nafasi zaidi. Lakini ajue kwamba safu hiyo hapewi mtoto, mjamzito wala mtu asiyeweza kuufungua mlango, na kwamba anayeikubali amekubali kazi, si starehe tu. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe ndege inaposhuka, ili masikio ya mtoto yasiume, na kwa hiyo dirisha lenye faragha linamfaa.

Watu huniuliza ni kiti gani kilicho salama zaidi, na swali hili liliongezeka baada ya Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR 42 ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, ikiwa na watu 43, na 19 wakafa. Sehemu ya mbele ilizama, mkia ukabaki juu ya maji, na wavuvi, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, walifika kwa mitumbwi kusaidia, watu wakatolewa kupitia nyuma. Sitakuambia kwamba nyuma ndiko salama, kwa maana ajali ya kesho huenda isifanane na ya jana. Nitakuambia unaloweza kulifanya katika kiti chochote: ukisha kukaa, hesabu viti vilivyopo kati yako na mlango ulio karibu, wa mbele na wa nyuma, uvikumbuke kwa idadi, ili uweze kuufikia kwa kupapasa gizani, papasa chini ya kiti ujue jaketi okozi liko wapi, na ukilivaa kwa dharura, usilijaze upepo ukiwa ungali ndani, kwani litakuinua hadi darini maji yakiingia na kukuzuia kutoka. Sisi tunaoruka kandokando ya ziwa kila mara hatuna udhuru wa kutomsikiliza mhudumu anapoeleza hayo.

Mwisho, ombi langu kwa wazazi na walimu wa Tarime na Serengeti. Ukisafiri na mtoto kwa mara ya kwanza, mpe dirisha, wewe ukae kando yake, umtajie kila kinachopita: huu ndio Mto Mara, ule ndio mpaka wa hifadhi, lile ndilo Ziwa. Na ili upate viti hivyo viwili pamoja, chagua mapema mara tu tiketi inapotoka; au kama huna njia ya kuchagua kwa simu, fika kiwanjani saa mbili kabla, uwe miongoni mwa wa kwanza kaunta, na useme waziwazi upande unaoutaka, kushoto au kulia, na kama ni mbele au nyuma ya bawa.